Mwizi Tajiri na Gharama ya Mapenzi: Ulinganisho wa Kihistoria wa Filamu Mbili za The Thomas Crown Affair (1968 na 1999)

UTANGULIZI

Wahenga walisema kwamba siku za mwizi ni arobaini. Katika historia ya senema ya Marekani, fikra iliyomo katika methali hii iliwahi kuwa kanuni iliyoandikwa na kusimamiwa na ofisi maalumu. Kwa zaidi ya miaka thelathini mwizi wa filamu aliruhusiwa kupanga, kuvunja na kubeba, mradi kabla ya taa za ukumbi kuwashwa tena awe amekufa, amefungwa au amepokonywa alichoiba. Makala haya yanazichunguza filamu mbili zenye jina moja na kisa kimoja ambamo siku ya arobaini haifiki. Ya kwanza ni The Thomas Crown Affair ya mwaka wa 1968, iliyoelekezwa na Norman Jewison kutokana na mswada wa Alan Trustman, wakili wa mjini Boston. Ya pili ilielekezwa na John McTiernan mwaka wa 1999 kutokana na mswada wa Leslie Dixon na Kurt Wimmer.

Katika filamu zote mbili mwizi anaikwepa sheria. Tofauti ni kwamba katika ya kwanza anampoteza mwanamke ampendaye, ilhali katika ya pili anampata. Mhakiki mwenye haraka atasema kuwa watayarishaji wa 1999 walitaka faida, na kwamba hadhira hununua tikiti ili ifurahi. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini halitoshi, kwa maana halielezi jinsi mwisho huo wa furaha ulivyowezekana kisanaa. Dai letu ni kwamba mwisho wa hadithi hii ulibadilika kwa sababu kitu kinachoibwa kilibadilika. Crown wa kwanza anaiba fedha za benki. Crown wa pili anaiba mchoro. Kuchaguliwa kwa mchoro badala ya fedha kuna historia yake, na historia hiyo ndiyo tunayokusudia kuifuatilia.

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hatashangazwa na mkabala huu. Fanani wawili wanapoisimulia ngano moja katika vizazi viwili, hatuulizi ni yupi aliyekosea. Tunauliza ni kipi alichokiacha yule wa pili, ni kipi alichokiongeza, na hadhira yake ilikuwa ya namna gani hata ikayapokea mabadiliko hayo. Filamu inayotengenezwa upya ni usimulizi wa pili wa aina hiyo. Ina faida moja kubwa kwa mwanahistoria: usimulizi wa kwanza haukupotea pamoja na sauti ya fanani, bali umehifadhiwa, nasi twaweza kuzisoma simulizi zote mbili sambamba.

KISA NA MSUKO WAKE

Kwa manufaa ya msomaji ambaye hajaziona filamu hizi, ni vyema tutoe muhtasari. Katika filamu ya 1968, Thomas Crown (Steve McQueen) ni tajiri wa Boston anayepanga wizi wa benki bila yeye mwenyewe kuingia benkini. Anawakodi wanaume watano wasiojuana na wasiomjua. Erwin, dereva miongoni mwao, anahojiwa katika chumba cha hoteli huku mwajiri wake amejificha nyuma ya taa kali. Wizi unafanikiwa, zaidi ya dola milioni 2.6 zinatupwa katika pipa la takataka makaburini, na Crown anakwenda kuzichukua kwa gari lake la Rolls-Royce. Kampuni ya bima inamleta mpelelezi wake, Vicki Anderson (Faye Dunaway), ambaye malipo yake yanategemea kupatikana kwa fedha hizo. Anamtambua mwizi mapema, anamwambia waziwazi kuwa anamwinda, kisha anampenda. Mwishoni Crown anapanga wizi wa pili na kumweleza Vicki mahali fedha zitakapotupwa. Vicki anawaleta polisi makaburini. Rolls-Royce inafika, lakini ndani yake hamna Crown, bali tarishi mwenye telegramu inayomtaka Vicki amfuate na fedha hizo, au abaki na gari. Vicki anaichana telegramu huku akilia. Crown yumo angani katika ndege, peke yake.

Katika filamu ya 1999, Crown (Pierce Brosnan) ni tajiri wa New York ambaye kazi yake ni kununua na kuunganisha makampuni. Wezi wa kukodiwa wanaingizwa katika Makavazi ya Sanaa ya Metropolitan ndani ya sanamu ya farasi, kwa hila ya kale ya vita vya Troya. Wakati wao wanakamatwa, Crown mwenyewe anaondoka na mchoro wa Claude Monet katika mkoba wake. Mpelelezi wa bima, Catherine Banning (Rene Russo), anamwinda na kumpenda kama alivyofanya Vicki. Crown anamwambia kwamba ataurudisha mchoro, kisha waondoke pamoja. Catherine naye anawaarifu polisi. Hata hivyo, inabainika kwamba mchoro ulikuwa umekwisha kurudishwa zamani: ulifichwa chini ya mchoro mwingine ambao Crown mwenyewe aliwapa makavazi ili kuziba pengo. Mitambo ya kunyunyizia maji ya kuzimia moto inapofunguka, rangi za juu zinaoshwa na Monet anajitokeza. Catherine anapanda ndege akilia, na Crown anajitokeza katika kiti cha nyuma yake.

Msomaji ataona jambo ambalo mara nyingi halitajwi: katika filamu zote mbili mwanamke anatoboa siri kwa polisi. Kitendo ni kimoja. Hukumu ndiyo iliyobadilika.

ZAMANI ZA ARUBAINI YA MWIZI

Mwaka wa 1930 watayarishaji wakuu wa filamu wa Marekani walikubali kanuni za maadili, na kuanzia mwaka wa 1934 kanuni hizo zilitekelezwa kwa ukali. Mojawapo ya nguzo zake ilikuwa kwamba hadhira isifanywe kuuonea uhalifu huruma. Utanzu wa filamu za wizi mkubwa ulikulia chini ya kivuli hicho. Katika The Asphalt Jungle ya John Huston (1950), mwizi anakufa kwa jeraha akiwa amefika shambani alikokutamani maisha yake yote. Katika The Killing ya Stanley Kubrick (1956), sanduku linafunguka uwanjani mwa ndege na noti zinapeperushwa na upepo. Katika Ocean's 11 (1960), fedha zilizofichwa ndani ya jeneza zinateketea pamoja na maiti. Mbinu ni tofauti, lakini sheria ni moja: fedha za wizi hazikai mkononi.

Hata nje ya filamu, mji wa Boston ulikuwa na mfano wake. Januari 1950 majambazi waliivamia kampuni ya Brink's mjini humo na kuchukua zaidi ya dola milioni 1.2 taslimu, mbali na hundi na hati nyingine. Kwa karibu miaka sita hawakupatikana. Kesi ilikomaa pale mmoja wao alipowataja wenzake, mnamo Januari 1956, siku chache tu kabla ya muda wa kisheria wa kuwashtaki kumalizika. Ukiuangalia mpango wa Crown wa 1968 kwa kuikumbuka historia hii, utaona kwamba unaziba ufa uleule uliowaangusha wezi wa Brink's: mtu asiyemjua mwenziwe hawezi kumtaja.

Kufikia katikati ya miaka ya sitini kanuni za zamani zilikuwa zimelegea. Zililegezwa rasmi mwaka wa 1966, na Novemba 1968 nafasi yake ikachukuliwa na utaratibu wa kuzipanga filamu kulingana na umri wa watazamaji. Filamu ya Jewison, iliyotoka Juni 1968, ni zao la miezi ya mwisho ya zama hizo. Mwaka mmoja kabla yake, Faye Dunaway aliigiza katika Bonnie and Clyde (1967), ambamo wezi wanamiminiwa risasi barabarani. Sasa anasimama makaburini akimsubiri mwizi asiyekufa.

Hata hivyo, mazoea ya miaka thelathini hayafutiki kwa siku moja. Jewison anamwachilia Crown kutoka mikononi mwa polisi, lakini hamwachilii bila fidia. Adhabu imehamishwa kutoka gerezani hadi moyoni. Huu ndio msingi wa huzuni ya filamu ile, na ndiyo sababu mandhari ya mwisho wake ni makaburi: hakuna aliyekufa, lakini kuna kilichozikwa.

FEDHA ZA BENKI NA MFUMO

Crown wa 1968 hana haja ya fedha. Anapomweleza Vicki kwa nini aliiba, anadai kwamba pambano lake ni dhidi ya mfumo. Neno hilo lina uzito wa wakati wake. Aprili 1968 Martin Luther King aliuawa. Sherehe za tuzo za Oscar ziliahirishwa kwa siku mbili kwa ajili ya maombolezo, na zilipofanyika, tuzo ya filamu bora ilikwenda kwa In the Heat of the Night, filamu nyingine ya Jewison huyuhuyu. Juni Robert Kennedy naye akauawa. Vita vya Vietnam vilikuwa vikiendelea. Kijana aliyeingia ukumbini mwezi huo alilijua neno mfumo kutokana na maandamano, na sasa alilisikia likitamkwa na tajiri mwenye suti ya vipande vitatu.

Kinaya cha filamu kimo humo. Anayeuasi mfumo ni mtu aliyenufaika nao kuliko wote. Fedha anazoziiba anazipeleka Geneva, katika benki nyingine, yaani katika tawi jingine la mfumo uleule. Uasi wake ni mchezo, kama ulivyo mchezo wa polo anaoucheza na sataranji anayoicheza na Vicki katika onyesho maarufu lisilo na maneno. Jewison anaonekana kuujua unafiki huu, na fani ya filamu yake inauthibitisha. Katika maandalizi ya wizi, skrini inagawanywa vipande vipande, mbinu iliyobuniwa na Pablo Ferro pamoja na mhariri Hal Ashby kwa kuathiriwa na filamu iliyoonyeshwa katika maonyesho ya dunia ya Montreal mwaka wa 1967. Kila mwizi yumo katika kisanduku chake, hamwoni mwenziwe. Anayeviona visanduku vyote ni hadhira, na anayevielewa ni Crown pekee. Fani hapa si pambo. Inatuonyesha uhusiano wa kitabaka: walio chini wametenganishwa ili aliye juu abaki salama.

Fedha taslimu zina sifa moja isiyoepukika katika usimulizi: noti hazina uzuri wowote wa kumfidia aliyeibiwa, na mwizi hawezi kudai kuwa alizichukua ili azitazame. Anayempenda mwizi wa fedha analazimika kuchagua kati yake na wenye fedha, naye Vicki anachagua. Mapenzi yake na kazi yake haviwezi kupatanishwa, kwa kuwa fedha ni zile zile: ama ziende kwa Crown, ama zirudi. Anajaribu kumtafutia Crown mapatano na polisi. Mpelelezi Malone anakataa. Baada ya hapo msuko hauna njia nyingine isipokuwa utengano.

MCHORO NA UBEPARI WA MWISHO WA KARNE

Miaka thelathini na mmoja baadaye, watayarishaji waliiacha benki na kwenda makavazini. Yapo mambo ya kihistoria yaliyoufanya uamuzi huo uonekane wa kawaida. Mei 1990 mchoro wa Van Gogh wa Daktari Gachet uliuzwa mnadani New York kwa dola milioni 82.5, bei ambayo haikuwa imewahi kulipwa mnadani kwa kazi yoyote ya sanaa. Mchoro ulikuwa umekuwa hazina ya matajiri, wenye thamani ya kuishinda shehena ya noti na mwepesi wa kubebeka. Filamu inaukadiria mchoro wake kuwa na thamani ya dola milioni 100, na hadhira ya 1999 haikuona kichekesho katika makadirio hayo. Machi ya mwaka huohuo kipimo cha Dow Jones cha bei za hisa kilipita 10,000 kwa mara ya kwanza. Hicho kilikuwa kipindi ambacho mnunuzi wa makampuni alisifiwa magazetini kama shujaa. Crown wa pili, basi, hana mfumo wa kuuasi. Yeye ndiye mfumo, naye amechoshwa nao. Tatizo lake si la kijamii bali la nafsi, ndiyo maana filamu inaanza akiwa mbele ya daktari wa akili.

Mchoro una sifa ambazo fedha hazina. Kwanza, anayeuiba anaweza kudai kwamba anaupenda, hivyo wizi unageuka kuwa aina ya mapenzi. Pili, na hili ndilo kuu, mchoro unaweza kurudishwa ule ule, bila pengo wala hasara, na aliyeuiba akahesabiwa kuwa aliuazima. Hapa ndipo fumbo la rangi zilizooshwa linapopata maana yake. Mchoro ulikuwa ukutani muda wote. Kwa hiyo hapakuwa na wizi. Kwa hiyo usaliti wa Catherine haukumdhuru mtu. Kwa hiyo msamaha haugharimu kitu. Mnyororo huu usingeweza kusukwa kwa noti za benki. Mwandishi aliyetaka wapenzi waondoke pamoja alilazimika kwanza kutafuta kitu kinachoweza kuibwa bila kuibwa.

Ulimwengu halisi haukuwa na huruma hiyo. Usiku wa Machi 18, 1990, katika mji uleule wa Boston, wanaume wawili waliojifanya polisi waliingia katika Makavazi ya Isabella Stewart Gardner na kuondoka na kazi 13 za sanaa, zikiwemo za Rembrandt na Vermeer. Miongo mitatu na zaidi imepita bila kazi hizo kurejeshwa, na fremu tupu zimeachwa zikining'inia mahali pake. Filamu ya 1999 ilitengenezwa katika kivuli cha wizi huo na kuugeuza kuwa ndoto: makavazi ambamo kilichoibwa kinajirudisha chenyewe.

Fani nayo ilibadilika ipasavyo. Skrini iliyogawanywa imeondolewa. Katika kilele cha filamu Crown anajificha miongoni mwa wanaume wengi waliovaa kama yeye, makoti na kofia nyeusi za mviringo, kwa kuuiga mchoro wa René Magritte wa mwaka wa 1964. Crown wa kwanza alijificha kwa kuwatenganisha watu. Wa pili anajificha kwa kuwafanananisha. Sataranji nayo imeiachia nafasi dansi: pambano la akili ambamo mmoja lazima ashindwe limegeuka mwendo ambamo wawili wanaambatana. Hata ile ndege isiyo na injini, ambayo McQueen aliirusha peke yake, Brosnan anairusha akiwa na Catherine.

MWANAMKE MPELELEZI

Itakuwa dhuluma kudai kwamba toleo jipya limepoteza tu. Dunaway alikuwa na umri wa miaka 27 filamu ya kwanza ilipotoka, na McQueen 38. Russo alikuwa na miaka 45 na Brosnan 46. Katika senema ya Marekani, iliyozoea kumwoza shujaa mzee kwa msichana, usawa huo ni jambo la kuheshimiwa. Catherine ni mtu mzima mwenye historia, tamaa na hasira zake, na anaporejeana na Crown mwishoni anamtisha kwamba akirudia mzaha wa namna ile atamvunja mikono. Vicki hakupewa nafasi ya kusema neno kama hilo, alipewa telegramu.

Kuna ushahidi mwingine ndani ya filamu yenyewe. Daktari wa akili anayemhoji Crown wa 1999 anaigizwa na Faye Dunaway. Mwanamke aliyeachwa makaburini na Crown wa kwanza sasa ameketi kitini akimdadisi Crown wa pili kuhusu uaminifu, na kama mwanamke anaweza kumwamini. Huenda watayarishaji walikusudia tu kuwachekesha waliokumbuka. Athari yake ni zaidi ya hapo: filamu ya pili inakiri kwamba ya kwanza iliacha swali bila jibu. Inalijibu, lakini kwa kulipunguza. Swali la Vicki lilikuwa kama mapenzi na dhamiri vinaweza kukaa nyumba moja. Swali la Catherine ni kama mwanamume huyu ana mwanamke mwingine.

NANI ANAYELIPA?

Hata hivyo, kuna watu ambao siku yao ya arobaini inafika katika filamu zote mbili. Mwaka 1968 ni Erwin, dereva wa kukodiwa, anayenaswa. Anapokutanishwa na Crown katika kituo cha polisi hawezi kumtambua, kwa kuwa hakuwahi kumwona uso. Mwaka 1999 ni wezi wa ndani ya farasi, wahamiaji kutoka Romania, waliokodiwa kwa kusudi hasa la kukamatwa. Crown wa kwanza aliwatumia watu wake kama mikono. Wa pili anawatumia kama chambo. Filamu ya 1968 inamweka Erwin mbele yetu kwa muda wa kutosha tuione hofu yake. Filamu ya 1999 inawasahau Waromania wake kabla ya nusu ya kwanza kumalizika, na hadhira inasahau pamoja nayo.

Hili ndilo badiliko zito zaidi, na si la filamu hii peke yake. Ocean's 11 ilipotengenezwa upya na Steven Soderbergh mwaka wa 2001, fedha hazikuteketea tena jenezani. Wezi waliondoka na dola milioni 160. Huko walihalalishwa na ubaya wa mwenye kasino aliyeibiwa. Kwa Crown walihitaji mchoro. Njia ni mbili, lakini safari ni moja: kumpa hadhira mwizi ambaye hakuna haja ya kumhukumu.

HITIMISHO

Tumejaribu kuonyesha kwamba tofauti ya miisho ya filamu hizi mbili imepandwa tangu mwanzo wa kila msuko, katika uteuzi wa kitu cha kuibwa, na kwamba uteuzi huo unabeba historia: kuporomoka kwa kanuni za maadili za Hollywood, hasira za 1968, na imani ya miaka ya tisini kwamba utajiri haumdhuru mtu. Jewison alimwachilia mwizi tajiri lakini akadai alipe kwa upweke. McTiernan alimsamehe hata deni hilo. Anayeitazama filamu ya pili anatoka ukumbini akiwa amefurahi, na furaha hiyo si haramu. Lakini imenunuliwa kwa kuifuta hasara, na hasara ndiyo iliyoyapa mapenzi ya Vicki uzito wake.

Kwa hiyo, mhakiki anapokutana na hadithi ya zamani iliyosimuliwa upya, asianze kwa kuuliza kama wapenzi walioana mwishoni. Aanze kwa kuuliza ni nini kilichoibwa, kama kinaweza kurudishwa, na ni nani aliyefungwa kwa niaba ya mwenye mkoba. Siku ya arobaini ya mwizi haijafutwa katika senema hizi. Imehamishiwa kwa aliyekodiwa.